Kibubu cha Miaka Saba

Niliondoka kwetu Ukerewe asubuhi moja bila mpango wowote. Mama alikuwa amenituma maji. Ufukweni nikakuta mtumbwi umepakia muhogo mkavu, nikauliza unakwenda wapi, wakasema ng'ambo. Niliuweka mtungi juu ya jiwe mahali ambapo mama angeuona, nikapanda. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vimekwisha karibuni na watu wengi walikuwa njiani, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu kumwona kijana mmoja zaidi akienda asikokujua. Mtungi ule juu ya jiwe ndiyo ilikuwa namna yangu ya kuaga. Naanza na habari hiyo kwa sababu mengine yote ninayotaka kuwaandikia, ninyi mnaobaki Mwanza kwenye kinu cha pamba, yanatoka kwenye tabia ile ile.

Shule nilikuwa nimeiacha darasa la pili. Nilimwuliza mwalimu maji ya ziwa yanakwenda wapi, maana mito inaingia kila siku na ziwa halijai. Akasema yanatokea kaskazini, mahali panapoitwa Jinja, yanashuka mpaka Misri. Nikamwuliza kama ameyaona kwa macho yake. Alinichapa fimbo tatu, nami nikaona kwamba elimu ya pale imefika mwisho. Kusoma na kuandika nilikuwa nimekwisha kupata. Swali lile nililiacha bila jibu, nikaondoka nalo.

Miaka iliyofuata nilikata kuni za meli, nikabeba mizigo Bukoba, nikachunga punda wa mfanyabiashara mmoja, nikawa mpishi wa Mzungu kwa siku nne, mpaka siku aliyokula chakula. Kinuni nilifika mwaka mmoja kabla ya reli kufika Mwanza. Bwana Damji, mwenye kinu, alikuwa bado na nywele nyeusi. Aliniuliza kama najua namba. Nilimsomea namba zote zilizokuwa kwenye sanduku la chai nyuma yake, kuanzia juu mpaka chini, pamoja na maneno ya Kiingereza nisiyoyaelewa. Akacheka, akaniweka kwenye mizani ya pamba. Karani wa wakati ule akanipa kibati cha shaba kilichochongwa 31, chenye tundu la kupitishia uzi.

"Siku ukiacha kazi utakirudisha hiki," akasema.

Nikasema ndiyo. Ahadi za namna hiyo nilikuwa nimekwisha kuwapa watu wengi.

Siku ile ile nilikutana na Fundi Masalu, mkuu wa mashine za kuchambulia pamba. Alikuwa Msukuma wa upande wa Busisi, mrefu, mgongo umeanza kupinda kwa kuinamia vyuma. Nilimkuta amefumba macho, kijiti kirefu cha mti mgumu kimegusa chuma ncha moja na sikio lake ncha nyingine. Nyumba nzima inatetemeka kwa kishindo, vumbi la pamba limemfunika nyusi, naye ametulia kama mtu anayesikiliza habari za kwao.

"Unasikiliza nini, mzee?" nikamwuliza.

Hakufumbua macho. "Kwenu hamsalimii?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Namsikiliza huyu wa tatu. Ana njaa."

"Mashine ina njaa?"

"Wewe ukiwa na njaa hupigi kelele?"

Mnajua wenyewe jinsi mashine zetu zilivyo. Gogo limevikwa ngozi, na kisu cha chuma kinaigusa ngozi ile kwa shida. Kisu kikikaza, ngozi inaungua. Kikilegea, mbegu zinapita pamoja na pamba na robota zima linakataliwa. Wengine walirekebisha kisu kwa kutazama. Fundi Masalu alirekebisha kwa sikio, na mashine ya tatu alipoilisha kisu nusu ya unene wa unywele ikanyamaza kweli. Kuanzia siku ile, kila nilipomaliza kupima pamba nilikwenda kusimama nyuma yake. Alinifundisha kunusa ngozi inayokaribia kuungua, kuchonga mifereji mipya kwenye ngozi iliyolainika, na kuondoa mkono wangu kwenye mtambo kabla ya kujibu mtu aliyeniita. Vidole vyangu kumi vipo vyote. Hiyo ndiyo sifa ya mwalimu wangu.

Miaka michache baada ya reli, bei ya pamba ilianguka. Vinu vingine vilipunguza watu, na Bwana Damji akaogopa kuwakosa mafundi wake siku bei itakapopanda. Akatuita kwenye jukwaa la marobota, akatueleza habari ya akiba ya uzeeni. Katika kila shilingi kumi za mshahara, moja itakwenda benki, naye ataongeza moja yake juu ya hiyo. Mtu akitimiza miaka saba ya kazi isiyokatika, siku ya kuondoka atachukua mafungu yote mawili. Akikatika kabla ya hapo, atapewa fungu lake tu, na lile la kampuni litagawiwa wenzake ambao kazi yao haijakatika. Kutoa kitu katikati hakuna. Kulazimishwa kuingia pia hakuna. Sisi tukaiita kibubu, kwa kuwa ilikuwa na tundu la kuingizia peke yake.

Lukas, Mjita aliyekuwa mtu wa boila, aliinua mkono. "Na mimi nikifa mwaka wa sita?"

"Atapewa mke wako," Bwana Damji akajibu.

"Yupi?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana Damji hakucheka. "Yule uliyemwandikisha."

"Basi jina hilo lisitoke hapa jukwaani," Lukas akasema. Lakini wiki ile alikwenda kuandikisha jina, na nilimsikia karani akimwomba alitamke polepole.

Fundi Masalu alilipima jambo lile kwa wiki mbili. Akiba yake mpaka wakati ule ilikuwa ng'ombe, na kama ilivyo desturi ya Wasukuma hakuwaweka mahali pamoja. Wawili walikuwa kwa shemeji yake, watatu kwa rafiki, na wengine kwa watu wengine, jumla maboma sita. Anayefuga anakunywa maziwa, mwenye mali anapata ndama, na ugonjwa ukiingia boma moja haumalizi wote. Ila mwaka wa sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ugonjwa uliingia maboma yote sita. Kati ya kumi na mmoja alibakiwa na wawili, na wote wawili madume.

"Hata hivyo ng'ombe anazaa," nilimwambia. "Shilingi ya benki inazaa nini?"

"Inazaa shilingi ya Bwana Damji. Mimba ya siku moja hiyo."

"Na Bwana Damji akifilisika?"

"Hapo ndipo ninapokwama. Ng'ombe niliwapeleka kwa watu sita. Hizi zote ziko kwa mtu mmoja."

Kesho yake alivaa shati safi, akaenda ofisini kuuliza swali ambalo sisi wengine hatukuwa na akili ya kuliuliza: fedha zile zinakaa kwa jina la nani? Bwana Damji alimwonyesha kitabu cha benki. Kilikuwa na jina la mfuko wenyewe, tofauti na la kinu, na saini za watu watatu. Akamwambia kwamba hata kinu kikiuzwa na mashine zote, kitabu kile hakimo katika mnada. Fundi alirudi akaniambia, "Naingia." Alikuwa na sababu yake, na kila mtu kinuni aliijua. Watoto wake wawili wa kike walikuwa wameolewa mbali, nyumbani amebaki na mkewe, Mama Kabula, na mgongo wake ulikuwa hauwezi tena kuinamia jembe la mkono mwaka mzima. Alitaka plau na ng'ombe wawili waliofundishwa kuivuta. Kwa hesabu yake, fungu lake lingetosha plau, na fungu la kampuni lingetosha ng'ombe. Plau bila ng'ombe ni chuma cha kukwaza watu uani, na wale madume wawili walikuwa wakali, hawakubali nira wala mtu.

Mimi niliingia kwa udadisi tu. Nilitaka kuona fedha inavyoonekana ikiwa imelala.

Gharama yake tuliiona mwaka wa pili. Mtoto wa Lukas aliugua, ikabidi apelekwe hospitali, na siku zenyewe zilikuwa za mwisho wa msimu wakati kila mtu ana mifuko mitupu. Lukas alikuwa na fedha zake mwenyewe benki na hakuweza kugusa hata senti. Aliuza baiskeli. Mtoto alipona, baiskeli haikurudi, na kwa mwaka mzima alitembea kutoka mtaa wa Mirongo mpaka kinuni akikitukana kibubu kwa Kijita. Lakini hakutoka. Nilimwuliza kwa nini. "Nikitoka sasa nimeuza baiskeli bure," akasema. Nawaambia hili ninyi mlio vijana mnaotaka kuingiza kila kitu mlicho nacho: bakizeni mahali pengine kitu kinachoweza kuuzwa siku ya Jumapili.

Sasa niwaeleze habari ya vibati. Pamba ikiisha na mvua kuanza, kinu kinanyamaza. Mafundi wanabaki kusafisha mashine na kubadilisha ngozi, na kila mmoja kwa zamu anapewa ruhusa ya wiki chache kwenda kulima kwao. Fundi Masalu, kila mwaka kabla ya kwenda, alioga, akaenda ofisini, akamuaga karani na kumkabidhi kibati chake, namba 14, kitundikwe kwenye msumari wake ukutani. Kwake yeye isingewezekana kuvuka maji kwenda shambani na shaba ya mwenye kinu mfukoni. Angeonekana ameondoka kwa ugomvi au ameiba. Wote walifanya hivyo. Lukas, watu wa mashine ya kubania marobota, wote. Waliaga, wakakabidhi, wakarudi, wakapokea.

Mimi sikufanya hivyo. Mvua zikianza, miguu ilikuwa inaniwasha. Niliondoka asubuhi yoyote, bila ruhusa, bila kumwambia mtu, na kibati changu shingoni chini ya shati. Kilikuwa na faida yake. Askari akinisimamisha njiani kuuliza ninakofanya kazi, namwonyesha shaba, ananiacha. Nilikwenda Musoma, nikaenda Bukoba, nikakaa wiki nzima kwenye kisiwa ambacho sikumbuki jina lake kwa sababu watu wake walikuwa na namna ya kukausha dagaa ambayo sijawahi kuiona. Pamba mpya ikianza kuingia nilikuwa nimesimama kwenye mizani kama mtu aliyelala pale pale. Bwana Damji aliniita mtoro, lakini aliniita hivyo huku akinikabidhi mawe ya mizani.

Mwaka wa nane wa kibubu, Fundi Masalu alisema mgongo umechoka. Alikwenda ofisini kuaga kwa mara ya mwisho. Karani alikuwa mpya, Kamugisha, Mhaya mwenye mwandiko kama wa kitabu kilichochapwa na kalamu tatu mfukoni. Mimi nilikuwapo, nimepeleka hesabu ya mizani. Kamugisha alifungua kitabu, akafuata mstari kwa kidole. Kisha akasoma kwa sauti ya chini: "Namba kumi na nne. Amerudisha kibati, ameacha kazi. Amepokea kibati, ameanza kazi. Amerudisha, ameacha. Amepokea, ameanza..." Alisoma hivyo mara nane.

"Nani ameacha kazi?" Fundi akauliza.

"Wewe, mzee. Kwa kitabu hiki kazi yako ya mwisho ina miezi saba."

"Nilikwenda kulima."

"Naamini, mzee. Lakini aliyekuwapo kabla yangu aliandika hivi, na kanuni ya akiba inafuata kitabu. Utapewa fungu lako. La kampuni..." Akafunga kitabu.

Fundi Masalu hakupandisha sauti. Alikichukua kibati namba 14 pale mezani alipokuwa amekwisha kukiweka, akakirudisha mfukoni, akatoka. Dakika chache baadaye nilimwona kwenye mashine ya tatu na kijiti chake sikioni, na mashine ilikuwa imezimwa.

Habari ilienea kabla ya mchana. Watu walimiminika ofisini kuuliza mistari yao, na Kamugisha, jasho likimtoka, alimsomea kila mmoja yale yale. Ameacha, ameanza. Ameacha, ameanza. Katika kitabu kizima alipatikana mtu mmoja tu ambaye kazi yake haikuwahi kukatika hata siku moja tangu kibubu kianze.

"Thelathini na moja," Kamugisha akasema.

"Ni nani huyo?" Bwana Damji akauliza.

"Magesa, wa mizani."

"Yule mtoro?"

"Huyo huyo, bwana."

Lukas alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka, akanitazama, kwa sababu alikuwa amepiga hesabu. Fungu la aliyekatika ni la wale ambao hawajakatika. Hao wote walikuwa mimi.

Bwana Damji aliniita peke yangu. Alikuwa mtu mwema, nataka mlijue hilo, na jambo lile lilimkosesha raha. Alisema saini si yake peke yake. Akilipa kinyume cha kitabu, wale wawili wengine watamwuliza, na mfuko wote utaingia mashaka. "Lakini fungu la Masalu kwa kanuni ni lako," akasema. "Ukiandika kwamba unamwachia, hakuna wa kuniuliza. Ukilichukua, pia hakuna wa kuniuliza. Fikiri mpaka kesho kutwa."

Nilitembea kando ya mto Mirongo kwenda juu na kurudi. Sitawadanganya kwamba niliamua papo hapo. Fungu la Fundi, na baada yake la Lukas, na la kila mtu atakayechoka mgongo: kwa fedha hizo ningepanda meli mpaka Jinja, nikaona maji yanavyotoka ziwani, nikayafuata mpaka Misri, nikarudi kumwambia mwalimu yule, kama yu hai, kwamba sasa yuko mtu aliyeyaona. Mtu wa kuondoka bila kuaga nilikuwa mimi. Hii ingekuwa safari moja zaidi.

Kesho yake nilimwendea Fundi, nikamwambia nitaandika kwamba namwachia.

Alikuwa anachonga ngozi. Hakuinua kichwa. "Unaniachia nini?"

"Fungu la kampuni."

"Lako au langu?"

"Kitabu kinasema ni langu."

"Basi usinipe kitu chako, kijana. Sikuja hapa kuomba." Aliweka kisu chini. "Mimi nakuuliza jambo moja, kwa kuwa wewe ni mtu wa kuuliza watu. Miaka hii yote, mimi niliondoka au sikuondoka?"

"Hukuondoka, mzee."

"Na wewe?"

Nilikigusa kibati changu shingoni.

"Kawaambie hivyo hivyo," akasema, akaendelea kuchonga.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anataka. Ng'ombe alikuwa anawataka, ndiyo, lakini hakuwa tayari kuwapata kama zawadi ya mtoro huku kitabu kikiendelea kusema kwamba yeye aliacha kazi mara nane. Na ili kitabu kiseme kweli juu yake, ilibidi kiseme kweli juu yangu pia. Kama kibati ukutani hakionyeshi kwamba mtu ameondoka, basi kibati shingoni hakionyeshi kwamba mtu yupo. Nisingeweza kusema nusu ya maneno hayo na kumeza nusu nyingine.

Siku ya tatu nilisimama mbele ya Bwana Damji na Kamugisha, Lukas na wenzake wamejaa mlangoni.

"Andika," nikamwambia Kamugisha. "Mvua za mwaka wa kwanza, Magesa alikuwa Bukoba. Wiki tano."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Hakuna. Nilitaka kuona wanavyokausha kahawa."

"Mwaka wa pili?"

"Musoma. Wiki sita. Niliambiwa kuna mtu ana saa inayoimba."

"Ilikuwa inaimba?" Bwana Damji akauliza.

"Ilikuwa imeharibika, bwana."

Mwaka wa tatu, wa nne, wa tano. Mlangoni walikuwa wanacheka kwa kila mwaka, na Lukas aliniita balozi. Nilipofika mwaka wa nane Kamugisha aliweka kalamu chini.

"Bwana Magesa, unajua ninachokiandika hapa? Wewe ndiye unayekatika. Fungu lako la kampuni limekwenda."

"Najua. Sasa andika na haya. Namba kumi na nne aliaga kila mwaka, akapewa ruhusa kila mwaka, akarudi siku aliyosema. Tazama msumari wake ukutani. Muda aliokuwa shambani, kibati chake kiliwahi kupewa mtu mwingine? Mtu akiacha kazi, namba yake hupewa anayekuja. Mbona kumi na nne ilimsubiri?"

Kamugisha aligeuka kuutazama ukuta wenye misumari. Bwana Damji naye akageuka. Misumari ile ilikuwa nyuma ya migongo yao miaka yote. Walipekua daftari la ajira, namba kwa namba, na ikawa kweli: waliokwenda moja kwa moja, namba zao zilichukuliwa ndani ya wiki, na za waliokwenda kulima hazikuguswa.

Bwana Damji alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Karani, andika kwamba kurudisha kibati kwa ruhusa ya mvua hakukati kazi. Ni kwa wote, tangu mwanzo. Nitawapelekea wenzangu daftari hili, waone." Kisha akanitazama, na alinitazama kwa huruma. "Na namba thelathini na moja anaanza leo. Miaka saba. Kanuni ni ile ile, Magesa."

"Ndiyo, bwana."

Wale wawili wengine walisaini baada ya wiki tatu. Fundi Masalu alipata mafungu yote mawili. Alinunua ng'ombe wawili wekundu na plau, na aliwahi, kwa sababu mwaka uliofuata vita vya pili vilianza na bei ya vyuma ikapanda mara mbili huku shilingi za kibubu zikibaki zile zile. Hilo nalo mlipime. Fedha iliyolala haiugui sotoka, lakini inakonda kwa namna yake.

Fungu langu la kampuni liligawiwa wenzangu wote kama kanuni isemavyo. Halikuwa kubwa. Lukas alikopa kwa mwenye hoteli sahani ya wali na samaki sato kwa kutegemea sehemu yake, akaniweka mbele ya meza. "Karibu, balozi," akasema. "Leo tunakula safari zako."

Fundi hakunishukuru kwa maneno. Asubuhi aliyoondoka alinipa kijiti chake cha kusikilizia. "Umepata miaka saba ya kukaa mahali pamoja," akasema. "Jifunze kusikia."

Nikakaa. Niliacha mizani nikashika mashine. Kila mvua niliomba ruhusa kama watu, nikaoga, nikakabidhi kibati, na mara ya kwanza nilirudi mlangoni mara mbili kukitazama kimening'inia msumarini bila mimi. Nilirudi kila mara siku niliyosema. Mnaniuliza kama kibubu ni kizuri au kibaya. Kilinifanya fundi, maana bila kamba ile ningekuwa nimeondoka kabla ya kujua mashine ya tatu inataka nini. Kilinichukulia pia miaka ambayo magoti yangu yalikuwa bado mazima, na Jinja sijaiona. Anayeingia aulize fedha zinakaa kwa jina la nani, ni kitu gani kinachokata kazi, na nani ameandika hivyo katika kitabu. Akisome kitabu mwenyewe kila mwaka. Asingojee mpaka mgongo umechoka.

Mwezi uliopita nilitimiza. Umri wangu ni hamsini hivi, tarehe hatukuiandika. Kamugisha, ambaye sasa anavaa miwani kama ya Bwana Damji, alinilipa mafungu mawili na kunyoosha mkono. Nilikitoa kibati 31. Akakitundika, akakitazama, akasema, "Hiki atapewa anayekuja." Niliwaaga nyote mmoja mmoja, mnakumbuka, mpaka mkalalamika kwamba kazi imesimama. Kijiti nimemwachia mtu wa mashine ya tatu.

Kesho yake asubuhi nilitoka bila mpango. Nilifuata barabara mpaka Kigongo, nikavushwa kwenda Busisi, na ng'ambo nikaanza kuuliza njia ya kwa Masalu mwenye ng'ombe wekundu. Nilikuwa sijawahi kufika kwake. Jua lilikuwa bado juu nilipoiona plau imeegemea ghala, ulimi wake unang'aa kwa kutumika. Mama Kabula alikuwa anaanika mtama. Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo umepinda kabisa, na aliponisikia nikikohoa mlangoni hakugeuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Siku hizi unasalimia bila kuambiwa." Akategea sikio. "Goti la kushoto linalia. Kaa."

"Unakwenda wapi, baba?" Mama Kabula akaniuliza.

"Sijui, mama. Pengine Jinja, kuzunguka ziwa taratibu. Nilikuwa naomba mahali pa kulala."

"Siku ngapi?"

"Nazo sijui."

Fundi alicheka kidogo kwa pua. Alininyooshea kidole chumba kidogo kando ya ghala, chenye kitanda cha kamba, na ukutani msumari mmoja.

"Tundika mkoba wako pale," akasema. "Siku ya kuondoka utakuja kuniambia."

"Nitakuja, mzee," nikasema, nikautundika.